Azalia ya Providence: ua lililokuwepo kabla ya korongo

Ndugu msomaji, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka kuandika juu ya kichaka. Ndiyo, kichaka. Kinaota kwenye mabonde membamba ya kusini magharibi mwa jimbo la Georgia, Marekani, na kwenye ukanda mdogo wa Alabama ng'ambo ya mto Chattahoochee. Porini hakipatikani mahali pengine popote duniani. Jina lake la kisayansi ni Rhododendron prunifolium. Kwa lugha ya kawaida ni azalia ya majani ya plamu, maana jani lake ukiliona peke yake unaweza kudhani limedondoka kutoka kwenye mti wa plamu.

Najua swali lako: mwandishi wa habari wa Kitanzania anatafuta nini kwenye kichaka cha Georgia? Nilikuwa nasoma habari za mmomonyoko wa udongo, nikakutana na korongo kubwa liitwalo Providence, na karibu kila palipotajwa korongo hilo lilitajwa na ua hili. Vitu hivi viwili hutangazwa kwa watalii pamoja kana kwamba vilizaliwa siku moja. Havikuzaliwa siku moja. Kimoja ni cha kale sana, kingine hakijatimiza hata miaka 200. Na ukiifuatilia tofauti hiyo ya umri unapita kwenye pamba, utumwa, ardhi iliyonyang'anywa, merikani za Zanzibar, na mwisho unajikuta Uluguru mwaka 1955. Sitanii.

Tuanze na kichaka chenyewe, maana kinastahili.

Azalia ni ndugu wa moja kwa moja wa mimea inayoitwa rododendroni. Linnaeus, yule Mswidi aliyevipa majina viumbe vingi, mwaka 1753 aliziweka azalia kwenye kundi lao la peke yao. Waliomfuata katika karne ya 19 wakaona hakuna sababu ya kuzitenga, wakazirudisha kwa ndugu zao. Zipo azalia zisizopukutisha majani, nyingi zikiwa na asili ya Asia, na ndizo hizo unazoziona kwenye vyungu madukani. Zipo na zile zinazopukutisha, zikabaki vijiti vitupu majira yote ya baridi. Azalia zote za asili za Amerika Kaskazini ni za namna hii ya pili. Afrika hatuna rododendroni ya asili hata moja. Tulicho nacho ni mabinamu: ile miti ya Erica inayoota pale msitu wa Kilimanjaro unapoishia, yenye ndevu za kuvu zinazoning'inia. Aliyepanda mlima anaijua.

Azalia nyingi za Amerika huchanua majira ya machipuko, nyingine hata kabla majani hayajatoka vizuri. Hii ya majani ya plamu haina haraka. Inaziacha nyenzake zichanue, zisifiwe, zinyauke. Inafika Julai, inafika Agosti, joto la Georgia limemchosha kila mwenye pumzi, msitu wote ni kijani kimoja cha kuchosha macho, na hapo ndipo inapofungua maua. Rangi yake inaanzia kwenye chungwa lililoiva sana hadi nyekundu ya damu. Nyuzi zake za ndani zinachomoza mbele kama masharubu ya kamba. Harufu haina kabisa. Wageni wake ni vipepeo wakubwa na vile vindege vya Amerika vinavyosimama hewani vikinyonya utamu wa ua, ambavyo kwa kazi yao ni kama chozi wetu, ingawa hawana undugu. Kwa kawaida kichaka hufika mita 2 au 3, na kikiachwa kizeeke kwa amani hupita mita 5.

Lakini jambo la kushika hapa ni makao yake. Azalia hii inataka vitu vinavyogombana. Inataka unyevu mwaka mzima, lakini mizizi yake, ambayo haiendi chini sana, haistahimili kukaa ndani ya maji yaliyotuama. Inataka udongo wa kichanga wenye uchachu na mboji nyingi juu. Inataka mwanga wa kutosha kuchanua, lakini jua kali la mchana linaiunguza. Yote hayo yanapatikana mahali pamoja tu: kwenye miteremko ya mabonde membamba yenye vijito, ambako maji yanachuruzika polepole kutoka kwenye mchanga wa ubavuni, na juu miti mikubwa ya magnolia, mialoni na jamaa zake imefunga kama paa. Ukishuka humo kutoka kwenye shamba la juu unahisi kama umeingia chumba kingine. Pana ubaridi. Miti ikikatwa, chumba hakina paa, mchanga unakauka, na kichaka hakina pa kuhamia kwa sababu juu ya bonde ni pakavu na chini ni mtoni.

Mabonde hayo yalikuwa na wenyewe. Walikuwa watu wa Muskogee, ambao Waingereza waliwaita Creek. Jina la mto Chattahoochee lenyewe ni la lugha yao. Walilima mahindi, maharage na maboga kwenye ardhi tambarare iliyo karibu na mito, na misitu ya juu waliitumia kwa uwindaji, wakiichoma moto mara kwa mara ili nyasi zichipue. Mtaalamu wa mimea William Bartram alipita nchi hiyo katika miaka ya 1770, akakaribishwa kwenye miji yao, na kitabu chake cha mwaka 1791 kikaitangazia dunia azalia nyingine ya Georgia, ile ya rangi ya moto. Hii yetu ilibaki mafichoni mwake. Ilipata jina la kisayansi mwaka 1913, kutoka kwa John Kunkel Small wa bustani ya mimea ya New York. Hebu piga hesabu. Wazungu walikuwa wameishi juu ya mabonde hayo karibu karne nzima, wamekata, wamelima, wamechosha ardhi, na kichaka chenye maua mekundu mwezi Agosti hakijaingia kwenye kitabu chochote cha sayansi. Macho yalikuwa kwenye pamba.

Namna walivyoipata ardhi ni hadithi inayotia kichefuchefu. Februari 1825, chifu mmoja wa Muskogee aitwaye William McIntosh, pamoja na kikundi kidogo, walitia saini mkataba wa Indian Springs wa kuiuzia serikali ya Marekani karibu ardhi yote iliyobaki ya taifa lao ndani ya Georgia. Sheria ya taifa lao ilisema anayeuza ardhi bila idhini ya baraza adhabu yake ni kifo. Mwezi Aprili mwaka huo huo baraza likatuma watu, wakamuua nyumbani kwake. Mkataba ukafutwa, ukaandikwa mwingine Washington mwaka 1826, na mwisho wa yote ardhi ikaondoka vilevile.

Mwaka 1827 jimbo la Georgia likaigawa ardhi hiyo kwa bahati nasibu. Nasema kweli, bahati nasibu kama ya kwenye redio! Upande huo wa jimbo ulikatwa vipande vya ekari 202 na nusu kila kimoja, majina ya raia weupe yakatiwa kwenye pipa, na mwenye bahati akajikuta ana shamba. Wapo waliouza bila hata kwenda kuliona. Wilaya ya Stewart, ambamo korongo la Providence limo, iliundwa mwaka 1830. Mwaka 1836 wapiganaji wa Muskogee waliobakia ng'ambo ya mto walivuka na kuuteketeza mji mdogo wa Roanoke uliokuwa kando ya mto katika wilaya hiyo hiyo. Jibu la serikali lilikuwa jeshi, na watu wa Muskogee kwa maelfu wakahamishwa kwa nguvu, wengine wakiwa na minyororo, hadi nchi ambayo leo ni Oklahoma. Taifa lao liko huko mpaka sasa, makao makuu yakiwa Okmulgee.

Ikaja pamba. Wasukuma na watu wa Matumbi hawahitaji mtu wa kuwaeleza pamba inamfanya nini mkulima anayelazimishwa. Huku Georgia waliolazimishwa waliletwa kwa minyororo, wengi wao wakinunuliwa kutoka majimbo ya zamani ya Virginia na Carolina. Kufikia mwaka 1860 zaidi ya nusu ya wakazi wa wilaya ya Stewart walikuwa watumwa. Hao ndio walioangusha miti ya juu ya mabonde, wakang'oa visiki, wakalima mistari iliyonyooka bila kujali mteremko unaelekea wapi. Mvua ya Georgia siyo ya kuchezea. Kila mfereji uliolimwa kuelekea chini ukawa njia ya maji.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu maelezo ya kawaida ya korongo la Providence, yale ambayo kila mgeni anapewa, ni kwamba lilitokana na “kilimo kibovu cha karne ya 19”. Sentensi hiyo haina uongo ndani yake. Ila haina mtu pia. Nani alilima vibaya? Mtumwa aliyeshika jembe hakuchagua alime wapi wala alime vipi. Na bwana wake hakuwa mjinga. Alikuwa anapiga hesabu. Ardhi aliipata kwa bei ya chini, au bure kwa bahati nasibu. Utajiri wake haukuwa ndani ya udongo, ulikuwa ndani ya watu aliowamiliki, na watu wanahamishika. Udongo ukichoka anawafunga safari kwenda Alabama, kisha Mississippi, kisha Texas. Kwa hesabu ya namna hiyo, kujenga matuta ya kuzuia maji ni kupoteza pesa. Hata wakati ule watu waliona. Mwaka 1846 mwanajiolojia mashuhuri Charles Lyell alipita karibu na Milledgeville, upande mwingine wa Georgia, akaonyeshwa korongo lenye kina cha futi 55. Akaambiwa kwamba miaka 20 kabla yake palikuwa na msitu na hapakuwa na korongo lolote. Akaliandika kitabuni na kulichora.

Providence lilikuwa na bahati mbaya zaidi, kwa sababu ya kilichokuwa chini. Juu kuna tabaka la udongo mwekundu wenye mfinyanzi, unaoshikamana vizuri. Chini yake kuna mchanga laini ulioachwa na bahari zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, mchanga ambao haujawahi kugeuka jiwe. Mzizi wa msitu ukiwepo, gamba la juu linakaa. Likishatobolewa, maji yanaufikia ule mchanga, unatoka kama sukari kwenye gunia lililochanika, na gamba la juu linaporomoka kwa kukosa pa kukalia. Kufikia mwaka 1850 hivi mitaro ilikuwa na kina cha mita moja hadi moja na nusu. Leo kuta zake ndefu zinafika futi 150, yaani kama mita 45. Hilo ni jengo la ghorofa 15. Limejichimba lenyewe katika umri wa bibi, mama na mjukuu.

Jina Providence limetokana na kanisa la Kimethodisti lililokuwa hapo. La kwanza lilijengwa miaka ya 1830. Korongo likasogea, likasogea, ikabidi kanisa lijengwe upya ng'ambo ya barabara mwaka 1859, na jengo hilo bado lipo pamoja na makaburi yake. Kwa Kiswahili neno hilo ni majaliwa. Majaliwa ya Mungu! Wakalipa na korongo jina hilo hilo.

Sasa wasomaji wa Pwani sogeeni karibu. Pamba ile ilikuwa inakwenda wapi? Ilipakiwa kwenye mashua za Chattahoochee, ikateremka hadi bandari ya Apalachicola kwenye Ghuba ya Mexico, na kutoka hapo ikaenda Liverpool na New York na kwenye viwanda vya New England. Na viwanda vya New England, vikilishwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini, vilifuma kitambaa kizito kisichopaushwa ambacho wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta Zanzibar. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ni wa mwaka 1833. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, alifika Zanzibar mwaka 1837. Kitambaa chenyewe tulikiita merikani, na jina hilo babu zetu walilitumia hata baada ya kitambaa kuanza kutoka kwingine.

Merikani ilikuwa zaidi ya nguo. Ilikuwa fedha. Ilipimwa kwa shuka, kwa doti, kwa jora. Msafara wa kwenda Unyanyembe na Ujiji ulibeba merikani, shanga na nyaya za shaba, na kwa hizo ulilipa hongo za machifu, ukanunua chakula, ukanunua pembe za ndovu, ukanunua watu. Yaani kitambaa cha pamba iliyolimwa na Mwafrika mtumwa upande mmoja wa bahari kilikuwa kinamnunua Mwafrika mwingine upande wa pili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861 pamba ikaadimika, merikani ya kweli ikapanda bei, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake sokoni. Mimi shuleni nilifundishwa biashara ya misafara kwa kirefu. Sikumbuki kuulizwa hata siku moja merikani ilikuwa imelimwa na nani.

Turudi bondeni. Vita viliisha mwaka 1865, watumwa wakawa huru kwa sheria, lakini ardhi haikubadilisha mikono. Wengi waliendelea kulima pamba ile ile kwenye ardhi ya mabwana wale wale kwa kugawana mazao, wakiwa na deni dukani kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa apande miti kwenye mteremko. Mwakani huenda hayupo. Udongo ukaendelea kushuka, ukajaza mabonde ya vijito kwa mchanga na tope, katika wilaya nyingi za jimbo hilo. Mabonde yaliyosalimika ni yale ambayo jembe halikuweza kufika: yenye ubavu mkali mno, yenye chemchemi nyingi mno. Na huko ndiko azalia yetu ilikobaki.

Miaka ya 1930 mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja.

La kwanza ni la tajiri. Kiangazi cha mwaka 1930, Cason Callaway, mwenye viwanda vya nguo vya LaGrange, alikuwa anatembea karibu na Blue Springs, kaskazini kidogo ya Columbus. Akaona ua jekundu la chungwa asilolijua. Akalichuma, akampelekea mkewe Virginia, ambaye mimea ilikuwa fani yake. Mama akalitambua: azalia ya majani ya plamu, ambayo inaota eneo hilo tu. Wakanunua ardhi ile. Ilikuwa ni nchi ya mashamba ya pamba yaliyochoka na kutelekezwa, na Callaway akatumia miaka mingi kuirudishia uhai. Bustani zao zilifunguliwa kwa umma mwaka 1952, azalia hiyo ikawa nembo yake, na ikaoteshwa kwa maelfu. Mimi nashindwa kumchukia na nashindwa kumsifu bila kusita. Familia iliyotajirika kwa pamba ndiyo iliyookoa ua ambalo pamba ilikuwa karibu kulimaliza. Angalau aliinama akaliangalia.

La pili ni la serikali. Mwaka 1937 mpiga picha Arthur Rothstein alitumwa Stewart, akapiga picha za makorongo na vibanda vilivyosimama ukingoni. Picha hizo zikawa mfano wa aibu wa ardhi iliyoharibiwa, wakati wenyeji wa hapo nao walikuwa wanapiga kampeni korongo lao litangazwe hifadhi ya taifa kwa uzuri wake. Aibu na uzuri, kitu kile kile, mwaka ule ule! Tayari mwaka 1935 Marekani ilikuwa imeunda idara ya kuhifadhi udongo chini ya Hugh Hammond Bennett, mtu aliyezaliwa kwenye shamba la pamba la North Carolina. Bennett alihubiri matuta na kilimo cha kufuata mkingamo wa mteremko, na kwa sehemu kubwa alikuwa sahihi. Lakini idara yake pia ilisambaza mamilioni ya miche ya kudzu, mmea wa kutambaa kutoka Japani, na wakulima wakalipwa hadi dola 8 kwa ekari kuupanda. Kudzu ikashika udongo, ni kweli. Kisha ikapanda juu ya miti, ikapanda juu ya nguzo za simu, ikafunika nyumba zilizohamwa. Mahali inapofunika, kichaka cha chini hakioni jua tena.

Mahubiri ya Bennett yalivuka bahari. Maofisa wa kikoloni wa Afrika Mashariki walisoma habari za vumbi la Marekani, wakatazama miteremko yetu, wakaona balaa lile lile. Colin Maher, aliyeongoza kazi ya hifadhi ya udongo Kenya, alikwenda Marekani kujifunza kwa macho yake. Yaliyofuata wazee wetu wanayakumbuka. Kule Murang'a watu walisukumwa kuchimba matuta asubuhi kwa asubuhi bila malipo, kazi kubwa ikiwa ya wanawake. Mwaka 1947 wakagoma, na mwaka 1948 wanawake wenyewe wakaandamana. Uluguru mradi wa matumizi ya ardhi ulianza mwaka 1950, na kiini chake kilikuwa kuchimba ngazi milimani kwa amri. Waluguru walisema ngazi zile zinafukia udongo mzuri na kuleta juu udongo usio na rutuba. Kwenye miteremko yenye udongo mwembamba walikuwa wanasema kweli kitaalamu kabisa, lakini nani aliwasikiliza? Julai 1955 kule Matombo umati ukakusanyika, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mradi haukuinuka tena.

Ona jinsi lawama ilivyosafiri. Kusini mwa Marekani udongo uliharibiwa na mfumo uliomfanya mtu kuwa mali na ardhi kuwa kitu cha kutupa. Somo lilipofika kwetu, yule mfumo alikuwa ameshaondolewa kwenye hadithi. Limebaki neno moja tu, “kilimo kibovu”, na limemwangukia mwanamke mwenye jembe la mkono.

Nilifika Providence mwezi Agosti. Njia inateremka kutoka ukingoni kwa mizunguko, na ukifika chini unatembea ndani ya maji membamba, yasiyofunika hata kidole, juu ya mchanga mweupe. Maji hayo yanatoka kwenye kuta. Kuta zenyewe zina rangi nyeupe ya udongo wa kaolini, waridi, chungwa, na mahali pengine zambarau. Nilitegemea kukasirika, maana nilikuwa nimesoma yote hayo. Nilisimama tu nikashangaa. Ni pazuri, basi. Mtoto mmoja nyuma yangu alimuuliza baba yake ni mto gani ulioichimba, na baba akasema labda mto umekauka.

Azalia nilizikuta kando ya njia, kwenye kivuli, mahali ambapo ubavu wa korongo umetulia na misonobari imeshika. Na hili ndilo lililonikalia kichwani njia nzima ya kurudi. Mbegu za azalia ni ndogo mno, karibu vumbi, na zinapenda kuota juu ya udongo mtupu wenye unyevu au kuvumwani. Sakafu ya korongo imefika kwenye tabaka gumu zaidi la udongo wa bahari, kwa hiyo halizidi sana kwenda chini, linapanuka tu. Maji yanayozuiwa na tabaka hilo yanachuruzika mwaka mzima. Bonde lenye ubavu, chemchemi, mchanga na kivuli: bila kukusudia pamba ilichimba makao mapya ya azalia. Zikatoka kwenye mabonde ya zamani, zikaingia. Hapakuwa pao, na sasa ni pao.

Msomaji mmoja mwenye akili ya biashara atasema basi hasara imelipwa. Haijalipwa. Georgia inaihesabu azalia hii kati ya mimea yake iliyo hatarini. Bwawa la Walter F. George lililokamilika mwaka 1963 karibu na Fort Gaines lilipandisha maji ya Chattahoochee na kufurika sehemu za chini za mabonde yanayoingia mtoni. Ukataji wa miti kwa ajili ya mashamba ya misonobari unaondoa paa la mengine. Wapo nguruwe waliogeuka wa porini wanaofukua, na wapo binadamu wanaochimba kichaka kizima na kukipeleka bustanini kwao, ambako mara nyingi kinakufa, wakati mche wa kununua ungepona. Wilaya ya Stewart nayo ilibaki na watu kama 5,300 kwa sensa ya mwaka 2020. Zamani za pamba ilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hao. Korongo lilifanywa hifadhi ya jimbo mwaka 1971, na watalii ni kati ya vitu vichache vinavyoleta fedha huko.

Ndugu zangu wa Atlanta, na najua mko wengi, ni safari ya saa mbili na nusu hadi tatu kwa gari. Nendeni Lumpkin, kisha mshike barabara ya 39C kuelekea magharibi kama kilomita 11. Wiki ya kwanza ya Agosti ndiyo nzuri, asubuhi kabla joto halijapanda. Vaeni viatu ambavyo hamtavililia vikilowa, msikaribie ukingo nje ya uzio kwa sababu unaporomoka bila taarifa, na ua mliache mtini. Makaburi ya kanisa yako ng'ambo ya barabara, hayana kiingilio.